Uamuzi wa Kununua Ufanyike Nyumbani

Wengi wetu tunaoishiwa fedha kabla ya mwezi kwisha hatununui vitu vya anasa. Tunanunua vitu vya kawaida kabisa, ila tunaviamulia vikiwa tayari mkononi. Ninaamini kwa dhati kwamba hapo ndipo fedha nyingi zinapopotelea. Uamuzi wa kununua ufanyike nyumbani, mtu akiwa ametulia na anajua kilichomo kabatini na kilichobaki mfukoni, na dukani aende kutekeleza tu.

Duka la kisasa limepangwa ili ununue zaidi. Zamani mnunuzi alisimama mbele ya kaunta, akataja anachotaka, naye muuzaji akamletea. Mwaka 1916 Clarence Saunders alifungua huko Memphis, Marekani, duka ambamo mteja alipita mwenyewe kati ya rafu na kujichukulia bidhaa. Mwaka 1937 Sylvan Goldman, aliyekuwa na maduka Oklahoma City, akaleta kigari cha kusukuma, kwa kuwa aliona wateja wakiacha kununua pindi kikapu kinapowaelemea. Uvumbuzi huo umeturahisishia mengi, lakini uzito wa kikapu ulikuwa ukituambia basi, na anayefuata vitu vichache bado anaweza kuusikiliza kwa kukiacha kigari mlangoni.

Orodha ya manunuzi iandikwe pamoja na vipimo. Kuandika "sabuni" peke yake ni kuliachia duka likuamulie. Andika "sabuni ya unga, kilo moja". Kipimo kina faida nyingine kubwa zaidi, nayo ni kukuwezesha kulinganisha bei kwa haki. Chukua pakiti ya sabuni iliyokuwa na gramu 1,000 na sasa ina gramu 900, huku rangi, umbo na bei vikiwa vilevile: kila gramu imepanda bei kwa takriban asilimia 11, na hakuna tangazo lililotolewa zaidi ya tarakimu ndogo iliyochapwa pembeni. Vivyo hivyo, pakiti kubwa si lazima iwe nafuu kuliko ndogo. Mimi hutoa simu na kugawanya bei kwa uzito papo hapo, bila kuona haya, kwa maana hesabu hiyo haichukui hata dakika. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 1998 linawataka wauzaji waonyeshe pia bei ya kila kilo au lita, na penye utaratibu huo jicho lianzie hapo kabla ya kutazama bei kubwa iliyoandikwa kwa wino mzito.

Kuhusu punguzo, nina msimamo mkali kidogo. Kitu ambacho hakikuwa kwenye orodha kikipunguzwa bei kwa asilimia 40, anayekinunua hajaokoa 40. Ametumia 60 ambazo hakuwa amezipanga. Ofa ya kununua viwili na kupewa cha tatu bure ina maana iwapo tu utavitumia vyote vitatu kabla havijaharibika.

Njia ya kulipa nayo ina uzito wake. Watafiti Drazen Prelec na Duncan Simester walichapisha mwaka 2001 majaribio ambayo ndani yake watu walioambiwa watalipa kwa kadi walikuwa tayari kutoa fedha nyingi zaidi kwa tiketi za mchezo uleule kuliko walioambiwa watalipa taslimu. Basi, kwa yale matumizi yanayokushinda kila mwezi, tenga fedha taslimu, na zikiisha usubiri mwezi ujao. Wanaonunua kwa intaneti wafute namba ya kadi iliyohifadhiwa kwenye akaunti ya duka, ili kila malipo yadai wainuke na kuitafuta kadi yenyewe.

Ukishalipa, soma risiti kabla ya kuondoka, maana bei ya rafuni na ile iliyopigwa kwa keshia wakati mwingine hutofautiana, na ni rahisi kurekebisha ukiwa ungali pale. Nyumbani ilinganishe na orodha yako, uweke alama kwenye kila kitu ambacho hukukiandika. Kitakachopata alama mara kwa mara ama ni hitaji halisi ulilolisahau, na kinastahili kuingizwa kwenye bajeti, ama ni kitu cha kukipita rafuni safari ijayo.