Safu ya Tatu

Agosti 2011 nilikuwa mwaka wa pili katika chuo cha teolojia, nimetumwa Kisauni, Mombasa, kwa mafunzo ya vitendo. Nimekulia Meru, na ubishi wa dini tulioujua nyumbani ulikuwa wa Wamethodisti na Wakatoliki. Mwislamu wa kwanza kukaa naye tukazungumza nilimpata huko Kisauni, na mwanzo wangu naye ulikuwa mbaya.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Msimamizi wetu alimpa kila mmoja daftari lenye safu tatu: tarehe, mtaa, idadi ya waliohubiriwa. Jioni tulisomeana. Mwenzangu alikuwa akifikisha kumi na wawili kwa siku. Mimi sikuwa na wa kutaja, na aibu ilinikaba.

Basi alasiri moja nikapita kichochoro karibu na Kengeleni, penye kengele ya zamani ya Frere Town, makazi ambayo wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, waliyaanzisha miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Barazani alikuwa ameketi mzee anashona kofia. Nikasimama mbele yake.

"Mzee, ukifa leo, una hakika utakwenda wapi?"

Hakuinua macho mpaka alipomaliza tundu alilokuwa nalo mkononi.

"Kijana, hata hukuniamkua."

Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniambia nikae kitako. Akaniuliza jina, kwetu ni wapi, wazazi kama wazima. Kisha akamwita bintiye alete maji. Nilikataa: yeye amefunga, nitakunywaje mbele yake?

"Saumu ni yangu mimi. Wewe umetembea juani, kunywa."

Nikanywa, huku nikitazama kazi yake. Kitambaa kilikuwa cheupe, kimechorwa maua kwa penseli. Alitoboa tundu dogo kama punje ya mtama, akalizungushia uzi pande zote hadi ukingo ukakaza, akahamia jingine. Kofia ile aliianza kabla ya mwezi wa Rajabu, zaidi ya miezi miwili nyuma.

Nilirudi kesho yake, na karibu kila siku kwa majuma mawili. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo nilimtungia uzi. Nilikumbuka somo la historia ya kanisa: mmisionari Mjerumani Krapf alifika Mombasa 1844, na miezi michache tu baadaye akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga, na mwaka huohuo alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia ni kadhi wa Mombasa. Darasani niliiandika habari hiyo kwa ajili ya mtihani. Barazani pale ndipo nilipojiuliza wale wawili walikaaje, nani alimkaribisha nani.

Sisemi tunyamaze. Naamini Injili ni ya kutamkwa, na jirani anayekuficha kilicho moyoni mwake hajakuheshimu. Ila mimi nilikuwa nimetamka kabla ya kuamkua.

Siku moja, jua limeshaanza kushuka, mzee aliniuliza mwenyewe.

"Wewe u kijana, una nguvu zako. Mbona umechagua kazi hii?"

Nilikuwa na hotuba ya darasani, aya zake zote nazijua kwa moyo. Haikutoka. Nilimwambia kwamba baba alipofariki nikiwa na miaka kumi na mmoja nilimlilia Yesu usiku kucha, na kwamba hajaniacha tangu usiku ule. Nikamwambia namwamini kuwa ni Bwana, aliyekufa akafufuka, na kwamba najua yeye hasadiki hivyo. Sauti ilinitetemeka.

Alikaa kimya kitambo, sindano imesimama hewani.

"Nimekusikia, mwanangu."

Kisha akaninyooshea sindano. Uzi ulikuwa umekwisha. Nikamtungia mwingine, na adhana ya Magharibi ikaanza.

Usiku zamu yangu ilipofika, nilisoma tarehe na mtaa. Msimamizi akangoja, kalamu mkononi. Nilimtazama mzee yule moyoni mwangu, nikashindwa kumwandika kuwa moja. Nikafunga daftari.