Makato ya Medicare na mzee wa chumba cha mwisho

Slipu yangu ya kwanza ya mshahara hapa Marekani niliikagua kama mtu aliyeibiwa, makato kila mstari, mmojawapo Medicare asilimia 1.45, nikasema mimi na bima ya afya ya wazee wapi na wapi? Kumbe ndo ilivyo, unakatwa ukiwa kijana, mwajiri naye anatoa kiasi hicho hicho, ukifika 65 unapata kadi.

Sasa mimi nalea wazee, shifti ya usiku, na kuna mzee mmoja mweusi wa Alabama usingizi hana, anapenda stori. Kadi yake anaiweka ndani ya Biblia.

Kwa kifupi, hiyo Medicare ilianzia hivi: Rais Truman aliomba bima ya afya kwa wananchi wote mwaka 1945, chama cha madaktari kikaja juu, eti huo ni ujamaa (sisi watoto wa Nyerere hapo tunacheka tu), ikafa. Baadae wakaona bora waanze na wazee, maana kampuni za bima zilikuwa zinawakwepa, Rais Kennedy akasukuma weee ikakwama. Aliyeweza ni Rais Johnson, na Julai 30, 1965 akafunga safari mpaka Missouri kusaini mbele ya Truman, mzee wa miaka 81, akamwandikisha wa kwanza.

Ila mzee wangu hayo ya kusaini hayamshughulishi kabisa. Anachokumbuka ni 1966. Hospitali ya kwao, weusi walikuwa wanalazwa chini kabisa, basement, karibu na boila, wazungu juu. Serikali ikasema hela ya Medicare haiingii kwenye hospitali inayobagua, sheria ya haki za raia ya 1964 ndo ilikuwa fimbo yao, na bima inaanza Julai 1, yaani miaka yote watu wameandamana, wamepigwa, halafu hospitali kibao za Kusini zikafungua wodi ndani ya miezi tu, hela hiyo! Mama yake alilazwa mwaka ule ule, ghorofa ya pili, na alichosimulia alivyorudi nyumbani si ugonjwa, ni dirisha.

Dawa za kuandikiwa na daktari zenyewe, zile za kwenda kununua duka la dawa, zilikuja kuingia 2006 huko. Meno bado, miwani ya kawaida bado. Miwani yake mkono mmoja umefungwa plasta, nimeufunga mimi, na zaburi ananiambia nimsomee, Kiingereza changu hiki hiki, akinirekebisha kila mstari.