Moshi wa tanuru huanzia getini

Nilipoajiriwa kuwa afisa mazingira kwenye kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu, niliamini kazi yangu iko juu, kwenye dohani. Huko ndiko wakaguzi wanakoelekeza macho, huko ndiko vifaa vya kupimia vumbi vilikofungwa, na majirani wakilalamika hunyoosha kidole huko huko. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja, na saa zangu nyingi nazimalizia getini, karibu na mizani, nikitazama malori yanayoleta chuma. Kuna usiku mmoja ulionihamisha kutoka juu kuja chini, na nataka kuueleza kama ulivyokuwa.

Kwanza mjue kinachokaa kati ya tanuru na dohani. Tanuru la umeme huyeyusha chuma kwa cheche kubwa inayoruka kutoka kwenye nguzo za grafaiti, na chuma kikiwa tayari kumiminwa joto lake huwa kama nyuzi 1,600. Moshi wake hauachwi upande moja kwa moja. Feni kubwa huuvuta hadi kwenye chumba cha mifuko: mamia ya mifuko ya kitambaa, mirefu kuliko kimo cha watu watatu, kila mmoja umevalishwa juu ya kizimba cha waya. Hewa hupenya kitambaa na kutoka safi, vumbi hunata upande wa nje. Kila baada ya muda kompresa hupiga pumzi moja fupi ndani ya mfuko, mfuko unatikisika, vumbi linadondoka chini kwenye faneli. Ukisimama karibu unasikia: pu, kimya, pu, kimya, usiku kucha.

Hali ya mifuko unaisoma kwenye geji moja, inayoonyesha tofauti ya msukumo wa hewa kati ya upande mchafu na upande safi. Kwetu ilikuwa ikicheza kati ya milimita 120 na 150 za maji. Sote tuliogopa ikipanda, maana mifuko imeziba na tanuru litabidi lipunguze kasi. Kushuka hakuna aliyetufundisha kukuogopa.

Usiku huo, mwaka wangu wa pili kazini, sindano ilishuka hadi 95 ndani ya saa moja. Nilifurahi. Nikaandika namba kwenye daftari la zamu, na pembeni nikaandika neno moja: "Nzuri." Msimamizi wa zamu akaniuliza, "Dada, mafundi wamesafisha mifuko leo?" Nikamjibu labda wamesafisha mchana. Tukaendelea.

Asubuhi magari yote kwenye maegesho yalikuwa na ngozi ya vumbi la kahawia, laini kiasi kwamba kidole kikipita hakisikii chembe. Nje ya uzio alikuwa amesimama mama mmoja anayeishi karibu na kiwanda, ameshika shati la shule la mtoto. Hakupaza sauti. Aliligeuza kola akanionyesha, akasema, "Mwanangu, hili nililifua jana jioni." Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimeshaelewa. Geji ilishuka kwa kuwa mifuko ilikuwa imetoboka. Hewa ilikuwa imepata njia rahisi, na vumbi likafuata njia hiyo hiyo.

Tanuru lilisimamishwa. Mafundi wakaniita nione jinsi wanavyotafuta mfuko uliotoboka, na mpaka leo sijaona kazi ya kiwandani inayonivutia kuliko hiyo. Walimwaga unga maalumu unaong'aa kwenye bomba la kuingiza moshi, feni ikavuta kwa muda, ikazimwa. Kisha tukapanda upande safi, juu ya midomo ya mifuko, taa zote zimezimwa, tumebeba taa za miali ya urujuanimno tu. Giza tupu. Halafu kwenye safu ya tatu unga ukawaka kijani kuzunguka mdomo wa mfuko mmoja, ukafuata wa pili, wa tatu, hadi mifuko kumi na minne, umetapakaa kama mtu aliyepaka rangi kwa mkono. Tulipoitoa, kila mmoja ulikuwa na tundu la ukubwa wa kifungo cha shati, ukingo wake umeyeyuka na kukauka. Kitambaa cha poliesta hakivumilii joto la mfululizo kupita nyuzi 130 hivi. Cheche zilikuwa zimefika hadi pale.

Cheche zilitoka wapi? Nilirudi kwenye daftari la tanuru. Saa 5:40 usiku lilipokea kapu lenye chipu za mashine za kukerezea, zile nyuzi za chuma zilizojikunja, ambazo hukatwa kwa kumiminiwa mafuta. Zikiingia tanuruni na mafuta yake, huwaka kwa kishindo: mwali unapanda, gesi inapata joto la ghafla, na vipande vidogo vyenye moto vinavutwa pamoja na moshi. Lori lililozileta lilipita getini saa 10 jioni. Karatasi ya mapokezi ilisema "safi". Aliyeijaza alitazama tabaka la juu tu, na la juu lilikuwa kavu kweli. Chini yake mafuta yalikuwa yakidondoka.

Kwa hiyo shati la mtoto yule lilichafuliwa saa 10 jioni, pale mizani.

Jambo hili nimelipima mara nyingi tangu siku hiyo na halijanidanganya. Chukua mabati. Bati hupakwa zinki lisipate kutu, na zinki huchemka kwenye nyuzi 907. Ndani ya tanuru la 1,600 haina pa kukaa. Inageuka mvuke, inakutana na hewa, inakuwa vumbi. Kila tani ya chuma inayoyeyushwa huacha takribani kilo 10 hadi 20 za vumbi hilo, maana yake tanuru la tani 60 linaweza kutoa tani nzima ya vumbi kwa myeyusho mmoja. Zinki inaweza kufika robo ya uzito wake au zaidi, na ndani yake kuna metali zenye sumu pia, risasi na kadimiamu. Ndiyo sababu katika nchi nyingi vumbi hili huhesabiwa kuwa taka hatari, na likivuka mpaka linaangukia chini ya Mkataba wa Basel wa 1989. Ukizijua shehena za mabati ulizopokea wiki hii, unajua vumbi lako litakavyokuwa wiki hii. Na vumbi lenye zinki nyingi lina mnunuzi: kuna matanuru marefu yanayozunguka ambamo huchomwa pamoja na makaa, zinki ikapanda tena kama mvuke na kunaswa. Lenye zinki kidogo na uchafu mwingi linaishia kuzikwa, na kulizika ni kuwaachia wengine ulinzi wa shimo hilo.

Au chukua plastiki na rangi. Zikiungua vibaya, moshi ukipoa polepole, ndipo dayoksini, kemikali zenye sumu kali, hujiunda, hasa joto likiwa kati ya nyuzi 500 na 200. Unaweza kuupoza moshi kwa kasi, unaweza kupulizia unga wa kaboni kabla ya mifuko. Tunafanya yote mawili. Lakini waya uliobaki na ngozi yake ya plastiki ungeweza kurudishwa getini kwa neno moja tu.

Mionzi ndiyo inayoninyima usingizi. Mwishoni mwa 1983, mashine ya tiba ya saratani yenye kobalti-60, metali inayotoa mionzi, iliuzwa kama chakavu huko Ciudad Juárez, Meksiko, ikayeyushwa, ikawa nondo. Iligunduliwa Januari 1984, lori lililobeba nondo hizo lilipopita kwenye kipima mionzi cha maabara ya Los Alamos, Marekani. Kobalti hubaki ndani ya chuma. Sisiamu, metali nyingine ya mionzi, ina tabia tofauti: mnamo Mei 1998, kwenye kiwanda cha Los Barrios, kusini mwa Hispania, chanzo cha sisiamu-137 kiliingia tanuruni pamoja na chakavu. Sisiamu huchemka kwenye joto dogo kuliko zinki, kwa hiyo ilikimbilia kwenye vumbi la vichujio, na nyingine ikatoka bombani. Vituo vya kupima hewa vya Ufaransa, Uswisi, Italia na Ujerumani viliinasa. Vipima vya getini vilikuwepo. Chanzo cha mionzi kikiwa kimefunikwa kwa risasi na kuzikwa katikati ya tani 20 za chuma, mashine inaweza kukosa kusikia. Kwa sababu hiyo kwetu lori hupita kwenye kipima kwa mwendo wa mtu anayetembea, na chuma hupimwa tena kikiwa kwenye kreni, kimetawanyika.

Watu huniambia tunaoyeyusha chakavu ndio wasafi wa sekta hii. Ni kweli kwa upande wa hewa ukaa: chuma cha tanuru la mlipuko, kinachotokana na mawe ya chuma na makaa, hutoa zaidi ya tani 2 za hewa ukaa kwa kila tani, nacho cha chakavu hutoa chini ya tani moja. Nalifurahia hilo. Mama wa shati hakuja kuniuliza habari za hewa ukaa.

Sasa lile daftari. Siku ile niliitwa ofisini, ripoti ya mamlaka ikiwa inaandaliwa, na ikapendekezwa tuandike "hitilafu ndogo ya kichujio". Kanuni za Ulaya za 2012 zinataka vumbi la tanuru la umeme libaki chini ya miligramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa siku. Wastani wa siku unaweza kumeza saa saba mbaya, hasa tanuru likisimama siku iliyobaki. Niliwaambia nitaandika saa: kuanzia 5:50 usiku hadi 12:30 asubuhi, mifuko kumi na minne, sababu ni mafuta kwenye chipu. Na neno langu "Nzuri" sikulifuta. Nililipigia mstari mmoja ili lisomeke, nikaandika chini yake "Si sahihi, mifuko imetoboka", tarehe na sahihi. Anayerekebisha kumbukumbu kwa wino mweupe anamnyima mwenzake wa kesho nafasi ya kujifunza. Vijana wapya nawafungulia ukurasa ule hadi leo, na sasa kengele ya geji hulia ikishuka kama inavyolia ikipanda.

Getini tulibadilisha mengi, mengine madogo. Chipu hazimwagwi tena kwenye rundo. Kuna sakafu ya zege yenye mwinamo, imeezekwa ili mvua isisombe mafuta, na mfereji unaoishia kwenye pipa. Mkaguzi wa mapokezi anatia mkono wenye glavu hadi kwenye kiwiko kabla ya kuandika daraja. Mtungi wowote uliofungwa, hata ukionekana mtupu, unarudi na aliyeuleta. Madereva walikasirika miezi ya mwanzo, na nawaelewa, foleni ni muda wao. Siku hizi wengi huniuliza kwa simu kabla ya kupakia.

Jana mchana imeingia shehena ya chipu zilizolowa kuliko kawaida. Msimamizi wa zamu amenipigia mara mbili, anataka kuzitia kwenye kapu la usiku kwa sababu rundo limepungua. Nimemwambia asubiri. Bado zipo kwenye mwinamo, zinadondoka, na pipa limefika nusu. Nitatia mkono asubuhi.