Vijiti vimeonekana: vakuoli ya paramesiamu, jaribio la saba

Vimeonekana! Natazama kwa hadubini ya elektroni vakuoli ya paramesiamu, yaani kifuko ambacho kiumbe huyu wa seli moja hutumia kutoa maji ya ziada. Jana saa tano usiku, kwenye wavu wa tatu wa kubebea vipande, nilipofika ukuzaji wa mara 60,000, pembeni mwa mfereji wa vakuoli palikuwa pamejaa mirija yenye vijiti. Mrija una unene wa nanomita 50 hivi, na vijiti vinauzunguka kama hesi za skrubu. Kila kijiti ni kichwa cha V-ATPase, protini inayosukuma protoni kupita utando. Niliitazama mpaka saa zangu za hadubini zikaisha.

Miezi minne nilikuwa napata sifongo laini tu, yaani mtandao wa mirija isiyo na vijiti. Vakuoli ipo, mifereji yake imetawanyika kama miale ya jua, tepe za mikrotubuli (vijirija vya protini vya kushikilia umbo) zipo, ila mirija yenye vijiti hakuna. Nikashuku risini ya kugandishia sampuli, nikashuku metali za urani na risasi za kutia rangi, nikabadilisha hata kisu cha kukatia vipande. (Kisu cha kioo kwa kazi hii sikitaki tena. Makali yanakwisha baada ya vipande vichache na mikwaruzo inapita katikati ya vakuoli. Kwa almasi, vipande vinaelea vina rangi ya fedha tupu, dalili kwamba ni vyembamba sana.)

Kumbe tatizo ni kuosha. Nilikuwa nawaacha paramesiamu nusu saa kwenye bafa (myeyusho unaotuliza kiwango cha asidi) ili bakteria watoke, na bafa ile ina chumvi kupita kiasi kwa kiumbe wa maji baridi. Ishida, Fok, Allen na mwenzao walishaonyesha mwaka 1996: paramesiamu akikaa kwenye maji yenye osimolariti kubwa (vitu vingi vilivyoyeyuka, kama chumvi), mirija yenye pampu inabanduka kwenye vakuoli, akirudishwa kwenye maji yake, inarudi. Makala hiyo niliisoma zamani, na bado nikaendelea kuosha vilevile. Inauma.

Safari hii nimewaosha kwa majimaji yaleyale waliyokulia, kisha glutaraldehaidi na osmiamu, dawa za kukaza seli jinsi ilivyo, kwa pamoja, kwenye barafu. Glutaraldehaidi peke yake ni nzito kukamata, vakuoli inawahi kujikunja. Osmiamu haisubiri: walituama chini ya kichupa weusi tii kama vumbi la mkaa.

Wiki hii ilikuwa ya kuhesabu vijiti. Itangoja. Kwenye mtungi wa maji ya bwawa nimempata Amoeba proteus, kiumbe mwingine wa seli moja, ambaye vakuoli yake haina mifereji, imezingirwa na vilengelenge vidogo na nje yake mitokondria, viungo vya kuipa seli nishati. Osmiamu imebaki ampuli moja. Kesho ni yake.