Kwa Askofu Aliyeukimbia Uaskofu

Mtu aliyekulia Bagamoyo hahitaji kuelezwa habari za maji kupwa na kujaa, lakini asubuhi ile, katika pwani ya kaskazini-mashariki mwa Uingereza, nilisoma jedwali la maji mara tatu kabla ya kuvua viatu. Kisiwa cha Lindisfarne hukatwa na bahari mara mbili kwa siku, na njia ya mahujaji, iliyosimikwa nguzo ndefu juu ya mchanga na tope, huachwa wazi kwa saa chache tu. Tope lilikuwa baridi hata nyayo zikafa ganzi. Njiani kuna vibanda vilivyoinuliwa juu ya miguu mirefu, kimbilio la waliochelewa. Nilipopita chini ya kimoja, niliongeza mwendo.

Nilikuwa namfuata Mtakatifu Cuthbert, mtawa aliyeletwa hapa baada ya Sinodi ya Whitby, mkutano wa viongozi wa kanisa wa mwaka 664, ili kuwa msaidizi wa abate. Mwaka 676 aliondoka akaishi peke yake Inner Farne, kisiwa kidogo zaidi upande wa kusini, ndani ya ukuta ambao, kwa maelezo ya Beda, mtawa aliyeandika habari za maisha yake, ulimwachia mbingu tu za kutazama. Alipochaguliwa kuwa askofu, barua na wajumbe havikumtoa huko, mpaka Ecgfrith mwenyewe, mfalme wa nchi ile ya Northumbria, alipopanda chombo akaenda kumpigia magoti. Aliwekwa wakfu York, Pasaka ya mwaka 685, akazunguka vijijini akihubiri na kuombea wagonjwa. Hata miaka miwili haikutimia, akarudi Farne, akafa huko tarehe 20 Machi 687. Sijui askofu mwingine aliyependwa hivyo kwa utumishi mfupi hivyo.

Mwili wake uko katika kanisa kuu la Durham, lakini mimi nilitaka kijisiwa kilicho mbele ya kijiji cha Lindisfarne, alikokuwa akijitenga kabla ya kwenda Farne. Kina msalaba wa mti na misingi ya kikanisa, basi. Kutoka pale niliwasikia watalii wakiitana ufukweni, nikaelewa kwa nini hakikumtosha. Nilikuwa bado nasali maji yalipoanza kuingia kati yangu na kijiji, nikakunja suruali, nikayavuka yakiwa yamefika kwenye vifundo vya miguu.