Ushanga wa 613

Oktoba 2016 nilikuwa New Jersey, yaya wa watoto watatu kwenye nyumba ya Mayahudi, na hawa walikuwa washika dini kwelikweli si wa jina. Jumapili hiyo jua likizama ndo inaingia Sukot, sikukuu ya vibanda, siku saba wanakula nje kwenye kibanda walichokijenga uani, na paa lazima liwe la kitu kilichoota ardhini. Wao walinunua makuti. Makuti jamani! Mtoto wa Mombasa nimepanda ndege mbili kuja kukaa chini ya makuti, nilicheka peke yangu.

Kibanda kinapambwa, na mapambo ni kazi ya watoto. Mkubwa, miaka 8, aling'ang'ania komamanga la shanga, manake alishaambiwa komamanga lina punje 613 sawa na amri 613 za Torati, basi na lake liwe na shanga 613, si 600, si "mia sita na kitu". Nikamwambia haya. Bibi yangu alikuwa akitunga tasbihi za kuuza, kwa mshipi ule wa kuvulia samaki, mimi namchagulia shanga, kwa hiyo kutunga najua. Kuhesabu ndo kulitutoa jasho, kila tukipita mia yule wa kati anauliza swali tunapotea. Mwisho nikafanya kama bibi, thelathini na tatu thelathini na tatu, kila fungu kwenye kikombe chake cha plastiki. Zikatoka vikombe 18 na shanga 19 juu. Baba yao akipita akasema 18 kwao ni namba ya uhai, herufi za neno lenyewe kwa Kiebrania ukizijumlisha ndo unapata hiyo, mkubwa akavimba kichwa kama kapanga yeye.

Tukatunga, tukazungushia uzi kwenye mpira wa sponji, saa kumi na moja na nusu umebaki ushanga mmoja. Haupo. Na jua likishazama hakuna kufunga fundo, kwao hiyo ni kazi, haramu sikukuu.

Tukatambaa chini ya meza wote, isipokuwa kitinda mimba wa miaka mitatu, yeye katulia zake kwenye kona, na mtoto wa umri huo akitulia ujue kuna jambo. Anapumua kwa mdomo. Nikamwinua kidevu kwenye taa: mwekundu huo, ndani ya tundu la kushoto. Nikaziba la kulia nikamwambia penga! Akavuta ndani, wallahi roho ilinitoka. Mara ya pili akapenga kweli, ushanga na kamasi vikatua kifuani kwangu.

Nikauosha kwa sabuni, nikatunga, nikapiga fundo mbili, mama watoto anaita toka jikoni mishumaa mishumaa, nikapanda kiti nikalitundika juu ya meza.

Usiku wageni wamejaa, mwezi mpevu unachungulia kwenye makuti, mkubwa akasimama kueleza komamanga lake, amri, vikombe, uhai, watu wanaitikia vizuri tu. Alafu akamalizia, "na ule wa chini kabisa ametoa puani mdogo wangu."

Mjomba wao ndo alikuwa amekaa chini yake. Akatazama juu, akasogeza sahani ya supu.