Mkazo wa maneno marefu ya Kiingereza: nilianzia mkiani

Kila nikiwasilisha ripoti kwa Kiingereza, wageni kwenye simu waliniomba nirudie "development" au "responsibility". Sarufi ilikuwa safi, ila mkazo ndio uliokuwa ukiwapoteza. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, huna haja ya kufikiri. Mazoea hayo yanatoa deveLOPment na responsibiLIty, kumbe msikilizaji anasubiri deVElopment na responsiBIlity.

Dawa ilikuwa kutazama mkia wa neno kwanza. Viambishi -tion, -ic na -ity huvuta mkazo hadi silabi inayovitangulia: PHOtograph inageuka photoGRAphic, eLECtric inageuka elecTRIcity. Kiambishi -eer hujikazia chenyewe, kama engiNEER. Halafu kuna vipole visivyohamisha chochote: -ment, -ness, -ful, -ly. (Wakaidi hawakosekani, Arabic na politics hukazwa mwanzoni. Hao nimewakariri tu.)

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kufifisha silabi zisizo na mkazo, maana sisi kila irabu tunaipa haki yake. Kwenye photograph, "o" ya pili karibu isisikike. Ukisema phoTOgraphy, hiyo hiyo ndiyo inayopaa, na ile ya kwanza inafifia.

Sasa kabla ya kikao nachukua penseli, nazungushia mkia wa kila neno refu kwenye ripoti, kisha naweka alama juu ya silabi ya kukaza. Maombi ya kurudia yamepungua sana. Yaliyobaki ni ya mtandao kukatika.